Hodi ya Nne

Madam hakupenda kuombwa samahani kabla hajakosewa. Ukimpelekea kazi yako ukaanza na "samahani kwa usumbufu, najua una shughuli nyingi," alikurudishia hapohapo bila kugusa mstari wa pili. "Umenisumbua nini? Kazi yenyewe sijaiona. Ondoa samahani, lete kazi." Mimi nililelewa na bibi yangu kule Mahege, mtu ambaye hata kuomba kiberiti kwa jirani alianza kwanza na habari za wagonjwa na mvua. Ilinichukua muda kuzoea.

Tulimwita Madam, kama wanafunzi wa nchi hii wanavyomwita kila mwalimu wa kike. Walimu wa kike pale shuleni Kibiti walikuwa kadhaa, lakini mtu akisema "Madam kasema" bila kuongeza jina, hakuna aliyeuliza ni yupi. Nitamwacha hivyohivyo. Alizaliwa lini, na ukoo wake unaanzia kisiwa gani cha delta, kule mto wetu unakoingia baharini, watasema wenye ukoo. Mimi nataka kusema namna alivyosoma kazi ya mtu, kwa sababu tangu nimwache sijapata wa kunisomea vile, na nimechoka kujifanya kwamba hainiumi.

Asubuhi alifundisha hesabu. Baada ya swala ya Alasiri alifungua chumba cha kompyuta kwa yeyote aliyetaka kujifunza programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukiona kosa ndani ya programu ya namna hiyo huishii kulalamika. Unalirekebisha mwenyewe, kisha unawapelekea wasimamizi wake marekebisho hayo kwa barua pepe, nao wanayasoma na kuamua. Wasimamizi wenyewe wametawanyika duniani, wanajitolea, na wengi hawajawahi kuonana. Marekebisho hayo madogo tuliyaita viraka. Kiraka ni mistari michache tu, huu uondoke na huu uingie, na juu yake maelezo ya kwa nini. Kuandika msimbo tungeweza kujifunza popote. Madam alitufundisha adabu ya kupeleka kiraka kwenye nyumba ya watu.

Kompyuta zenyewe zilikuwa chakavu, na umeme wa Kibiti ulikuwa na mambo yake. Ukikatika hakutufukuza. Alichukua chaki akaandika kiraka cha mtu ubaoni, mistari ya kuondoka ikiwa na alama ya kutoa na mistari ya kuingia ikiwa na alama ya kujumlisha, akasema, "Haya, nyie ndio wasimamizi. Huyu mtu hamumjui. Kaja mlangoni na hiki. Mnampokea?" Tulikuwa wakali kuliko yeye. Alituacha tumnyanyase mwenzetu kidogo, halafu aliuliza: "Nani kati yenu amekijaribu?" Hakuna aliyekijaribu, maana umeme haukuwepo. "Basi mnabishania nini?"

Kiraka changu cha kwanza kilikuwa cha programu ya simu inayoonyesha saa za maji ya bahari kujaa na kupwa. Ilikuwa na Kiswahili kibovu, na mimi nilitaka kusahihisha neno moja tu. Lakini nilipokuwa mlemle ndani nikaona mistari imekaa ovyo, nikainyoosha. Nikaona rangi ya kitufe haipendezi, nikaibadilisha. Nikampelekea Madam nikiwa nimevimba kichwa. Alikisoma mpaka mwisho, kidole kikitembea juu ya kioo, kisha akavua miwani.

"Mmatumbi wewe, ukienda kwa jirani kurudisha sinia, unarudisha nini?"

"Sinia, Madam."

"Unampangia na kabati?"

"Hapana, Madam."

"Sasa hapa umerudisha sinia, umepanga kabati, na umepaka ukuta rangi. Mwenye nyumba aanze kukushukuru au aanze kukuuliza nani kakutuma? Kiraka kimoja, jambo moja. Kakigawe."

Kuniita Mmatumbi ulikuwa utani wake. Wazee wangu walishuka kutoka vilimani, yeye alikuwa Mndengereko wa majini, na kwake hiyo ilitosha kunisimanga kila alipojisikia. "Nyie maji mmeyaonea ndooni," alisema, nami nikamjibu kwamba sisi angalau tunalala pakavu. Alicheka kwa sauti kubwa isiyolingana kabisa na ukali wake kwenye kazi. Kicheko kile nakikumbuka kuliko sura yake.

Kulikuwa na kanuni iliyotutesa zaidi ya zote. Kichwa cha maelezo ya kiraka huandikwa kwa namna ya kuamuru: rekebisha hiki, ondoa kile, ongeza hiki. Mwenzetu mmoja wa Ikwiriri, kijana mpole ambaye sasa ni nesi, alishindwa kabisa. Kila kiraka chake kilianza na "Naomba kama itawezekana mrekebishe."

"Madam," alisema siku moja akiwa amekaribia kulia, "mimi mtoto wa juzi, nimwambie mzee wa watu huko aliko 'rekebisha'?"

"Humwamrishi yeye," Madam alimjibu, safari hii kwa upole. "Unaiambia programu itafanya nini ikipokea kiraka chako. Programu haina wajomba wa kukukasirikia. Andika."

Na jina. Kila kiraka hufungwa kwa mstari wa kutia sahihi, kwamba kazi hii ni yangu na nina haki ya kuitoa. Vijana wetu walitia sahihi kwa majina ya mtaani, mengine ya kuchekesha, mengine siwezi kuyaandika hapa. Madam aliuliza swali lilelile kila mara: "Siku ya akika yako walichinja mbuzi kwa jina gani?" Mtu akataja. "Hilo ndilo utie." Alisema kiraka kikishapokelewa, jina la mwandishi hubaki kwenye historia ya programu hata programu ikija kurithiwa na watu wengine, kwa hiyo mtu asione haya kuonekana. Chini ya sahihi alitaka pia mstari wa aliyeliona kosa. Kama umeambiwa na muuza samaki, muuza samaki anaandikwa, jina lake kamili. Siku moja alikataa kiraka kizuri kabisa kwa sababu mwanafunzi hakutaka kumtaja shangazi yake aliyemwonyesha kosa, eti shangazi hajui hata kuwasha kompyuta. "Lakini macho anayo," alisema Madam, na kiraka kikarudi.

Kikishakuwa sawa, hakusifu. Alisema neno moja tu: "Kipite." Nimefanya kazi Dar es Salaam kwa miaka sasa, katika ofisi yenye watu wenye shahada zao, na kila ninachoandika kinasomwa na mtu kabla ya kupita. Anabonyeza, anaandika "safi sana", anaongeza na kidole gumba. Najua hajasoma. Kuna jioni nimewahi kuacha kosa kwa makusudi nione kama litashikwa, likapita, nikaenda kulirekebisha mwenyewe kesho yake nikiwa na uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu pale ofisini. Nilimtaka Madam. Nilitaka anirudishie.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hatukumwelewa.

Ile programu ya saa za maji ilimhusu yeye kuliko sisi. Mama yake aliishi Mbwera, ndani ya delta, na likizo moja Madam alipanda boti Nyamisati akiwa ameiamini simu yake kwamba maji yamejaa. Wakaingia kwenye mkondo, boti ikakaa juu ya tope, nao wakakaa nayo tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, jua kali, abiria wakimtania: "Mwalimu, hebu iulize tena hiyo simu yako, ina maji mangapi?" Alitusimulia mwenyewe akicheka. Programu ilijua saa za maji pale mdomoni mwa bahari tu. Haikujua kwamba ndani ya mikondo yetu, katikati ya mikoko, maji hufika yakiwa yamechelewa, na yakishaanza kutoka hutoka polepole, tena si kwa mwendo mmoja kila mkondo.

Akaamua kuirekebisha. Alisimamisha vijiti vya boriti vilivyopakwa rangi katika mikondo kadhaa, akawaomba wanawake waokota kaa na wakata mikoko wamtumie ujumbe kila maji yanapofika kwenye rangi. Walimtumia, bamvua maji yanapojaa sana na maji mafu yanapojaa kidogo, masika na kiangazi. Kutokana na jumbe hizo akaandika kiraka kilichoifundisha programu kuchelewesha saa kwa kila mkondo. Tulikiona ubaoni. Kilikuwa jambo moja, kimejaribiwa, kina maelezo yanayoeleweka, na chini yake majina ya waliopima, yote, kama walivyoitwa siku ya akika.

Juu kabisa, kabla ya kichwa cha maelezo, kulikuwa na salamu. Yeye, aliyetufutia salamu zetu zote! "Assalamu alaykum wenye nyumba, natumaini hamjambo na familia zenu." Tulimsuta. Akasema, "Nyie mna haraka zenu. Mimi naingia kwa watu kwa mara ya kwanza."

Alituma. Kimya. Alisubiri muda unaostahili, akatuma tena. Kimya. Akatuma mara ya tatu, kisha akafunga kompyuta, na hakutuma tena.

Hapo ndipo tulipopagawa, kwa sababu kanuni alizotufundisha yeye mwenyewe zilisema vingine. Wasimamizi ni wachache na barua ni nyingi, barua huzama. Usipojibiwa, subiri, tuma tena, na ukinyamaziwa, tuma tena, bila kununa. Mimi mwenyewe kiraka changu kimoja alinilazimisha nikipeleke tena na tena mpaka nikaona haya, na mwisho kilipokelewa. Nikamwambia hivyo.

"Wewe nilikutuma mimi," alisema. "Mtu aliyetumwa anagonga mpaka asikike, maana asiporudi na jibu atamwambia nini aliyemtuma? Mimi nilikwenda mwenyewe. Nimepiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sijaitikiwa. Tumefundishwa nini hapo?"

Tulijua tulichofundishwa. Hata mtoto wa chekechea wa pwani anajua. Hodi tatu, kama wenyewe hawaitiki, unaondoka, na unaondoka kwa heri, wala huchungulii dirishani.

"Lakini Madam, huko si nyumbani."

"Ni nyumbani kwa watu," alisema. "Na wewe usije ukanipigia hodi kwenye nyumba niliyoondoka. Nimekukataza."

Huo ndio ukinzani wake niliobaki nao. Aliamini kwamba asiyejibiwa hajakataliwa, akatufundisha tuamini hivyo, na kwa nafsi yake akaamini kinyume. Sidhani kama alikuwa na kiburi. Nadhani aliumia, na adabu ilimpa mahali pazuri pa kuyaweka maumivu hayo. Siku moja nilimkuta peke yake kwenye chumba cha kompyuta anaangalia ile programu kwenye simu, ikionyesha saa ya Mbwera isiyo sahihi. Akaizima aliponiona, akaniuliza kama nimekula.

Miaka ikapita. Nilikwenda chuo, nikabaki Dar. Nilimpigia simu siku za Idi, baadaye simu ikawa inapokelewa na binti yake, anayeniambia Mama amelala, Mama hajambo. Kisha masika iliyopita yule mwenzetu wa Ikwiriri, nesi wa zahanati ya kisiwani, akanipigia. Walikuwa wanampeleka mama mmoja mwenye uchungu hospitali, wakafuata saa za ile programu, wakakaa topeni.

"Alipona, alhamdulillahi, na mtoto," alisema. "Lakini kwenye lile tope niliomba dua zote ninazozijua. Kiraka cha Madam kiko wapi?"

"Alinikataza."

"Kamwombe basi. Wewe ndiye Mmatumbi wake."

Nilikichukua kiraka kwenye kumbukumbu za barua za wasimamizi, zilizo wazi kwa kila mtu, nikakirekebisha kiendane na programu ya sasa, sikubadilisha kingine. Kanuni inaruhusu kumpelekea mtu kiraka chake: jina lake linabaki juu kama mwandishi, sahihi yake inabaki chini, na wewe unaongeza yako chini yake kama mpelekaji. Kilichopungua kilikuwa ruhusa ya mwenyewe. Nikapanda basi kwenda Mchukwi, anakoishi na binti yake ili awe karibu na hospitali.

Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasikia kama mtu anakohoa ndani. Nikapiga ya tatu, kwa sauti. Hakuna aliyeitika. Nikageuka, miguu yenyewe iligeuka, nikawa nimeshafika kwenye ua wa michongoma. Kisha nikawaza safari yote ile na kompyuta niliyobeba, nikarudi mlangoni nikapiga ya nne, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

"Karibu, karibu mwaya!" Binti yake alitokea anafuta mikono. "Nilikuwa uani nafua, wala sikusikia. Mama yupo ndani lakini siku hizi haitiki, anasahau. Pita."

Madam alikuwa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua chuya kwenye mchele. Amepungua. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni wa mtu mwingine.

"Mama, unamkumbuka huyu? Mwanafunzi wako."

"Wanafunzi wengi," alisema kwa heshima, akarudi kwenye mchele.

Nikasema, "Sisi wa vilimani tumekuja kuomba maji, Madam. Ya ndooni."

Mkono ukasimama. "Mmatumbi huyu!" alisema, na akacheka kile kicheko. Jina langu hakulipata, na sikumtajia. Hilo la Mmatumbi lilinitosha. Nililia hapohapo, naye akaniuliza kama nimekula.

Baadaye nikatoa kompyuta nikamwambia nimeleta kiraka, namwomba anisomee. Alisema macho hayana kazi, nimsomee mimi. Nikaanza juu. Sikusema ni cha nani. Nilitaka kwanza akisikie, halafu nimwambie, nimwombe. Mikono yake iliendelea kuchagua chuya.

"Mbona kaanza na salamu?" aliuliza.

"Ndivyo alivyoandika, Madam."

"Ya nini? Ondoa. Aende kwenye kazi."

Nikaifuta, moyo unaniuma, maana msomaji akisema, amesema. Nikaendelea. Alinisimamisha mara moja aulize vijiti vilisimamishwa upande gani wa mkondo, na jibu lilikuwemo kwenye mstari uliofuata. Nilipofika kwenye majina ya waliopima aliuacha mchele. "Hao wasiondolewe," alisema. "Huyu aliyeandika anawajua watu. Ni mtoto wa nani?"

Binti yake alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni yeye mwenyewe. Nikasema, "Wa Mbwera."

"Ahaa." Aliridhika. "Kipite."

"Alikipeleka, Madam. Hakujibiwa."

"Alipeleka mara ngapi?"

"Mara tatu. Akaona basi, aondoke."

Aliuweka ungo chini. Nje nguo zilikuwa zinadondosha maji kwenye kamba.

"Mwambie apeleke tena," alisema. "Huenda watu wako uani."

Nilikituma palepale nikiwa nimekaa mkekani kwake. Jina lake juu, sahihi yake chini, kisha majina ya waliopima, kisha langu mwisho kabisa. Nilimwambia kimekwenda. Alisema vizuri, akaniuliza mimi ni wa wapi.

Jibu lilikuja nikiwa nimesharudi Dar. Msimamizi mmoja, sijui yuko nchi gani, aliandika kwamba hajapata kuona kazi iliyopimwa hivi, na anasikitika kwamba ilikaa muda wote huo bila kusomwa. Alikuwa na maswali mawili kuhusu mikondo, na kwa kawaida yao maswali hujibiwa na mwandishi mwenyewe. Akauliza: je, mwandishi bado yupo?

Nilikaa na swali hilo tangu asubuhi, kazi za ofisi zikanipita. Niliandika kwamba ni mgonjwa, nikafuta. Niliandika kwamba nitajibu kwa niaba yake, nikafuta. Jioni nilimpigia binti yake kumwambia Jumamosi nakuja tena, nitakuwa na barua ya kumsomea Mama, na kama hodi haiitikiwi nitaendelea kupiga. Kisha nikamjibu yule msimamizi. Sikuweka salamu wala samahani. Niliandika: "Yupo."